Spika ya Mtaa wa Congo

Dada yangu anauza vitenge Mtaa wa Congo, Kariakoo. Mwaka juzi mwanawe wa miaka sita alivimba taya. Zahanati moja ya mtaani ikang'oa jino. Wiki mbili baadaye shavu lilikuwa kama limebana embe, na jino la pili linacheza. Muhimbili walikata kinyama, wakapima, wakatupa jina: limfoma ya Burkitt.

Mimi ni mwandishi wa habari, nikipewa jina nalifuatilia. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji Mulago, Kampala. Mwaka 1958 aliandika kuhusu uvimbe huu wa mataya ya watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu, wakazunguka hospitali kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, kama maili 10,000, wakiuliza tu: huu mmeuona? Wakakuta unafuata joto na mvua, kama malaria. Mwaka 1964, kule London, Epstein, Achong na Barr wakaripoti kirusi ndani ya seli za uvimbe huohuo.

Halafu miaka ya 1970 ikaja habari ya kromosomu. Vitabu husema "kukosa uthabiti", utadhani ni shilingi inayoporomoka. Nilimweleza dada palepale mezani kwake.

"Unamwona yule machinga na spika yake, buku, buku, buku? Anaiwasha, anaizima. Sasa mtu aukate waya wake, auunge kwenye swichi ya duka la jirani lisilozima umeme usiku wala mchana."

Hiyo spika ni jeni iitwayo MYC, inayoiamuru seli igawanyike. Makazi yake ni kromosomu ya 8. Katika ugonjwa huu kipande hukatika na kuhamia, mara nyingi, kromosomu ya 14, jirani na jeni za kutengeneza kingamwili, ambazo katika seli hizo hazilali. Malaria ya mara kwa mara huzichosha seli hizo kwa kuzaliana na kukatakata DNA yake, na kwenye kukata ndiko makosa hutokea.

Dada alikunja kitenge, akakikunjua tena.

"Kwa hiyo kaka, kakitoa kwangu?"

Kumbe mama mkwe alishasema: kwenye ukoo wetu hakuna kitu hicho. Miezi mitatu dada alikuwa akilala wodini na neno hilo. Na mimi na makala zangu zote sikuwahi kumuuliza.

Nikamwambia hapana. Waya ulikatika ndani ya seli moja ya mtoto mwenyewe, baada ya kuzaliwa. Hakurithi kwako, wala kwa baba yake.

Uvimbe ulinywea ndani ya siku chache za dripu ya kwanza. Madaktari bado wanamwita kliniki.

Dada akanipa simu yake. "Mwambie mama mkwe. Hivyohivyo, na spika."

Nikampigia. Kelele za mtaa zilikuwa nyingi, ikabidi nirudie mara mbili. Bibi akakaa kimya, kisha akauliza kama mtoto ameanza kula ugali.