Kazi Yangu ya Kwanza

Likizo iliyopita nilitafuta kazi ili nichangie karo yangu, nikaipata katika yadi moja ya motokaa hapa Kampala. Motokaa zile zilitumika Japani. Huja kwa meli hadi Mombasa, kisha huvushwa mpakani Malaba. Nilidhani nitavaa tai na kuuza. Tajiri akanipa ndoo na kitambaa.

Siku moja mzee mmoja alipenda Toyota nyeupe. Aliijua sheria ya 2018 inayokataza kuingiza nchini motokaa za miaka 15 au zaidi. Akasoma hati, akaridhika. Ndipo akanigeukia: “Mwanangu, wewe unayeiosha, motokaa hii haikupata kugongwa?”

Tajiri alikuwa akinitazama. Nikaikumbuka karo. Nikajibu, “Mzee, mlango huu umepakwa rangi upya.” Mzee akashukuru, akaenda zake.

“Umenifukuzia mnunuzi,” tajiri akasema. Usiku ule sikulala.

Siku ya tatu mzee akarudi pamoja na nduguye, akiuliza, “Yuko wapi yule kijana wa ndoo?” Walinunua motokaa nyingine. Nami nilirudi shuleni na nusu ya karo.

Ndugu wasomaji, msiidharau ndoo.