Kabla Mashine Hazijaenda Mnadani

Kijana alikiokota sakafuni, katikati ya vumbi na makaratasi ya printa yenye matundu pembeni, akakigeuzageuza kiganjani. Kilikuwa kichuma kifupi, upande mmoja kimezibwa, upande mwingine kina mdomo wa kuzungusha.

"Mzee, hii ni hereni?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mzee hakucheka.

Stoo hiyo iko nyuma ya ofisi moja ya umma katikati ya Dar es Salaam, katika jengo la ghorofa mbili ambalo ukutani tayari lina alama ya X nyekundu. Mzee ni mstaafu. Ameitwa kutambua vifaa kabla orodha ya mnada haijakamilika, kwa kuwa rejesta ya mali imejaa mwandiko wake na hakuna mwingine anayeuelewa. Ofisini walimwita Fundi tangu enzi ambazo neno TEHAMA halijaandikwa kwenye mlango wowote. Kijana yuko kwenye mafunzo kwa vitendo, mwerevu, simu mbili mkononi, na kazi aliyopewa ni kupiga mstari mwekundu kwenye kila kompyuta isiyokubali Windows 11.

Kile kichuma kinaitwa tamineta, na kwa miaka mingi ofisi ile ilisimama au ikalala kwa sababu yake. Kompyuta ziliunganishwa kwa kebo moja nyeusi iliyopita mezani kwa mhasibu, ikaenda kwa katibu muhtasi, ikatoboa ukuta hadi masjala. Kila mashine ilishikizwa kwenye kebo hiyo kwa kiungo cha umbo la T, na ncha zote mbili zilifungwa tamineta ya omu 50. Kebo haikutakiwa kuzidi mita 185 wala kubeba mashine zaidi ya 30. Kiungo kimoja kikilegea, au mfagiaji akikigonga kwa ufagio, haikufa mashine moja. Ulikufa mtandao mzima, na mhasibu akasimama mlangoni na karatasi za mishahara mkononi.

Dawa yake Fundi aliibeba kwenye mfuko wa shati: tamineta ya akiba. Aliingia chini ya meza ya katikati, akakata kebo mahali pale kwa kuchomoa kiungo, akaifunga ncha kwa ile ya akiba. Nusu moja ikifufuka, basi ugonjwa uko nusu ya pili. Akaigawa nayo tena nusu kwa nusu, mpaka akaufikia mguu wa kiti uliokalia kebo. Hakuhitaji programu wala kumpigia mtu simu. Kijana alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza kwa nini hawakutumia waifai.

Nchi ilikuwa na historia ya ajabu na mashine hizi, na vijana wengi hawaijui. Kompyuta ya kwanza, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka tisa baadaye, mwaka 1974, serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Katazo lilipokuja kulegea, na ruksa nyingine zikafuata, maofisa walionunua kompyuta za mezani hawakuwa wamewahi kuishi nazo. Walichagua kama mtu anavyochaguliwa mchumba: aliyekuja na mfadhili ndiye aliyepokelewa.

Za ofisi ya Fundi, kwa kumbukumbu yake, zilifika mwaka 1993. Stakabadhi iliyokutwa kwenye faili inasema Machi 1994. Haidhuru. Zilikuja na DOS, Windows 3.1 ambayo hakuna aliyeifungua ila kucheza karata, na WordPerfect 5.1 yenye kioo cha bluu. Katibu muhtasi aliishika WordPerfect ndani ya mwezi. Juu ya kibodi aliweka kile kipande cha karatasi ngumu chenye maelezo ya vitufe, na baada ya muda hakukiangalia tena: F10 kuhifadhi, Shift na F7 kuchapa, F7 peke yake kutoka. Mikono haikuondoka kwenye herufi. Seva ilikuwa ya Novell NetWare, imefungiwa kwenye kabati la masjala pamoja na mafaili ya likizo, na watu waliisahau kabisa, jambo ambalo ndiyo sifa kubwa ya seva.

Lakini mashine hazikutunzwa na NetWare wala na mfadhili. Zilitunzwa na Ami.

Duka la Ami lilikuwa kwenye kichochoro kinachotokea Mtaa wa Jamhuri, upana wake haukuzidi milango miwili. Mwenyewe alikuwa mtu wa Pemba, kofia safi kila siku, miwani imefungwa kwa uzi. Ukivuka kizingiti ulipokelewa na harufu tatu kwa pamoja: risasi iliyoyeyuka chini ya chuma cha kuchomelea, udi aliofukiza asubuhi kabla ya kufungua, na kahawa ya tangawizi. Chini ya kioo cha kaunta zilipangwa kumbukumbu za kompyuta, za MB 1 na za MB 4, kila moja kwenye mfuko wake wa kijivu unaong'aa, ndani ya makopo ya biskuti. Nyuma yake zilining'inia pawasaplai zilizokufa, safu nzima, na kila moja ina kikaratasi chenye tarehe na sababu ya kifo.

Ami alikuwa na masharti. Hakuuza kifaa kipya kabla hujamwonyesha cha zamani. Ukifika mikono mitupu na kusema mazabodi imeungua, alikurudisha. Ukifika nayo, aliinusa kwanza, kisha akauliza swali lake la siku zote: "Ukuta wenu una waya wa athi?" Kama hujui, hakukuuzia. "Mwanangu, nikikupa leo utarudi kesho kutwa, na utanitukana mimi badala ya ukuta." Fundi alimtafuta mtu wa umeme, wakafunua soketi za ofisi, wakakuta waya wa athi umeishia ndani ya plasta, haujafika popote. Hasara ya mashine ilipungua tangu wiki hiyo, na hakuna kamati iliyokaa kulijadili.

Pawasaplai aliichagua kwa kuipima mkononi. Nyepesi aliirudisha kwa mleta mzigo bila maneno: ndani yake shaba imepunjwa, vipande vya kuchuja umeme vimeachwa, na kibandiko cha wati 250 ni mapambo. Ni Ami pia aliyemfundisha Fundi kutokimbilia majina makubwa. Mashine ya kampuni kubwa ilikuwa imara, hilo hakulikana, ila pawasaplai yake ina umbo lake, mazabodi ina umbo lake, na ikiungua utasubiri meli. Klonu iliyounganishwa mtaani ilichukua kifaa chochote cha kawaida, ikarudi kazini alasiri hiyohiyo. Kwa hiyo ofisi ikanunua jina kubwa kwa seva tu, na klonu kwa meza zote. Sera hiyo haikuandikwa mahali. Ilidumu kuliko nyingi zilizoandikwa.

Na alikuwa na daftari. Kila mteja ukurasa wake: mazabodi ya aina gani, kumbukumbu kiasi gani, lini ilibadilishwa. Rejesta ya ofisi ilisema "kompyuta, 1". Daftari la Ami lilijua hata ni nafasi ipi ya kumbukumbu imevunjika kishikizo.

Windows 95 ilitoka Agosti 1995 na kufika ofisini kwa flopi. Zilikuwa 13, na kila flopi iliyogoma njiani ilimaanisha kuanza upya. Wanaodai eti ofisi iliamua kuhama wanaipa ofisi sifa isiyo yake. Mfadhili alianza kuleta nyaraka za Word, wizara ikafuata, na mtu asiyeweza kufungua barua ya wizara hana kazi. Katibu muhtasi akapokonywa vitufe vyake, akapewa kipanya. Kwa miezi aliandika polepole kuliko kwenye taipureta, na mkurugenzi akasema mama huyo amezeeka. Hakuwa amezeeka. Alikuwa amenyang'anywa ufundi, na waliomnyang'anya hawakuwahi kuandika barua yao wenyewe. Fundi akilisimulia hili, hasira bado iko pale pale.

Seva ya Novell nayo ikaondolewa, ikaja Windows NT 4.0, na kabati la masjala likaanza kufunguliwa kila wiki.

Baada ya hapo zikaja zama za virusi. Agosti 2003 Blaster aliingia, kompyuta zikawa zinahesabu sekunde 60 kisha zinajizima mbele ya mtu, katikati ya sentensi. Mwaka uliofuata ikatoka tiba kubwa ya Windows XP, Service Pack 2, yenye uzito wa MB 266. Kwa intaneti ya simu ya wakati ule, hiyo ilikuwa ndoto. Fundi aliipata kwenye sidii kwa rafiki wa chuo, akazunguka nayo mashine moja moja. Ndiyo miaka ambayo kupiga Windows kulikuwa kazi rasmi: asubuhi sidii ya kuchomwa, jioni stakabadhi ya chai. Leseni haikuulizwa na aliyenunua, aliyeuza wala aliyekagua. Flashi zilipoenea, kila semina ilirudi na mdudu wake. Miaka ya uchaguzi wa Kenya wa 2007 kulikuwa na mmoja aliyejipandikiza kwenye flashi kwa faili lenye jina la Raila Odinga.

Katikati ya vurugu hizo Fundi alijaribu njia nyingine. Ubuntu, mfumo endeshi wa aina ya Linux, ilikuwa imetoka Oktoba 2004, na wenyewe walituma sidii bure popote duniani, gharama ya posta juu yao. Alijaza fomu, akaandika sanduku la posta la ofisi, akasahau. Kifurushi kikaja: sidii mbili mbili kwenye bahasha za karatasi ngumu, moja ya kujaribu bila kugusa diski, nyingine ya kusimika. Desemba ya mwaka huohuo wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimezindua Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, kazi ya mradi wa Kilinux. Fundi akaziweka zote mbili kwenye kompyuta za masjala. Virusi vya flashi vikakosa pa kushika. Wahudumu wa masjala, ambao Kiingereza cha menyu kilikuwa kikiwatoa jasho, hawakulalamika.

Aliyelalamika ni mhasibu mkuu. Jedwali lake lenye makro halikufunguka sawasawa, printa yake mpya haikuwa na draiva, na jambo zito zaidi, mkurugenzi aliona kompyuta isiyo na kitufe cha Start akauliza kama imeharibika. Likaja agizo la mdomo: rudisha kama zamani. Zikarudishwa XP, za kuchomwa, na virusi navyo vikarudi. Mwandishi wa makala haya hana budi kusema kwamba makro ilikuwa hoja ya kweli. Kompyuta ya mhasibu ingebaki na Windows. Kompyuta za masjala hazikuwa na makro hata moja.

Ami alifariki miaka hiyo. Daftari halijulikani liliko. Dukani kwake sasa wanauza kava za simu.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Mkongo wa intaneti wa Seacom ukaanza kazi Julai 2009, Windows 7 ikaja Oktoba, na XP ikakatiwa huduma rasmi tarehe 8 Aprili 2014 huku bado imejaa mezani. Windows 8 ikapita kama mgeni wa mlango usio wake. Windows 10 ikaja 2015. Kitengo cha TEHAMA kikapata mlango, kibao na afisa, kisha maofisa. Kompyuta zikaanza kununuliwa kwa vipimo vilivyonakiliwa kwenye katalogi ya muuzaji mwenyewe, kisha kuzungushiwa vibandiko vya dhamana vinavyokataza bisibisi. Kompyuta mpakato nyingi za leo kumbukumbu yake imechomelewa moja kwa moja kwenye bodi. Hata Ami angeziangalia tu. Tatizo likitokea, afisa anafungua tiketi kwa mkandarasi, mkandarasi anajibu "tunalifanyia kazi", na mhasibu anasimama mlangoni vilevile kama 1994, ila sasa hakuna wa kuingia chini ya meza.

Hapo ndipo lilipokuja la tarehe 14 Oktoba 2025, siku Windows 10 ilipokatiwa huduma ya kawaida. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa kuanzia kizazi cha 8. Mashine ya i5 ya kizazi cha 7, iliyotoka 2017, GB 8 za kumbukumbu, haina ugonjwa wowote, nayo imepigwa mstari mwekundu. Taasisi inayotaka kuongezewa muda wa viraka inalipa dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na bei inapanda maradufu kila mwaka, kwa miaka mitatu tu.

Fundi alikaa kwenye kreti, akaomba bisibisi, akafungua mojawapo ya zile zilizohukumiwa. Kapasita zote zilikuwa bapa, hakuna iliyovimba. Feni ilizunguka kwa kidole. Diski ilikuwa ile ya kizamani ya kuzunguka, na hapo ndipo uzito wote wa mashine hiyo ulipokuwa. "Hii inataka SSD," alisema, "haitaki mnada." Akamwuliza kijana kazi za masjala siku hizi zinafanyikia wapi. Kijana akajibu kwamba karibu zote zinafanyikia kwenye kivinjari.

Basi maofisa ugavi wanaokaribia kusaini orodha kama hiyo, na wako wengi mwaka huu, wasisaini kabla ya kumpa mtu bisibisi na siku moja. Za mhasibu zibadilishwe. Makro zake na mifumo yake haina mbadala wa haraka. Za masjala, za mapokezi na za maktaba ziwekewe diski mpya na Linux. Ubuntu 24.04 ni ya bure, viraka vyake vya kawaida vitatolewa hadi 2029, na haiulizi prosesa ni ya kizazi gani.