Beni: CD ya ndoa ilicheza, lakini sura ya Papa ikaleta ubishi

Katika komini ya Mulekera, mjini Beni, mama mmoja aliyehama Eringeti alifika na watoto wanne, sufuria mbili na furushi la nguo. Ndani ya furushi, katikati ya vitenge, kulikuwa CD ya ndoa yake. Mume wake aliuawa shambani. Picha zake za karatasi ziliungua pamoja na nyumba. Mtoto wa mwisho, ambaye wakati ule alikuwa bado mgongoni, hajui baba yake alikuwa na sura gani.

Shemeji anayewapokea hakuwa na televisheni. Mwezi huu amepata moja bapa ya okazyo, mashine ya DVD na bafle mbili, akaita fundi wa mtaa. Jumapili baada ya misa, majirani wakajaa sebuleni kama kwenye kilio.

Picha ikatoka nyeusi na nyeupe. Wengi walisema CD imeharibika. Fundi hakuigusa CD, alizunguka nyuma ya televisheni. Waya wa njano, unaobeba picha, ulikuwa umechomekwa kwenye tundu la kijani. Nyeupe na nyekundu ni za sauti, na hizo zilikuwa mahali pake. Alipohamisha ule wa njano, rangi zikaja. Kuna televisheni nyingine ambazo tundu la kijani linafanya kazi zote mbili. Hapo mtu anachagua AV kwenye telekomandi, basi.

Kwenye mlango wa kanisa CD ikakwama. Shemeji akaitoa, akataka kuisugua kwa shati lake, akizungusha. Fundi akamshika mkono. CD inafutwa kwa kitambaa laini, kutoka kwenye tundu la katikati kwenda ukingoni, moja kwa moja. Mkwaruzo unaozunguka unafuata njia ya picha na kuificha sehemu ndefu. Ule unaokata njia, mashine mara nyingi inauruka.

Ikaendelea. Koko, mama wa marehemu, akauliza: "Mbona mwanangu amenenepa hivi?" Kamera ya zamani ilipiga picha ya 4:3, televisheni ikaivuta ijaze 16:9. Fundi akairudisha 4:3, na mapande meusi yakabaki kushoto na kulia. Jirani mmoja alilalamika kwamba tele inapotea bure. "Afadhali ipotee kuliko mashavu ya uongo," fundi akamjibu.

Kazi yenyewe ilianza hapo. Televisheni ilikuwa kwenye "Dynamique", hali inayofaa dukani penye taa nyingi lakini inachoma nyuso nyumbani. Akaweka "Cinéma". Akasimamisha picha kwenye koti jeusi la bwana harusi, akapandisha mwanga mpaka vifungo vikaonekana, bila koti kugeuka kijivu. Kisha gauni la bibi harusi: akashusha kontrasti mpaka mikunjo ikaonekana. Mwisho akatafuta kitu cheupe cha kupimia rangi. Akachukua gauni hilo hilo, akasogeza kuelekea "Froid" mpaka likawa jeupe kama chaki.

Watu wakanyamaza. Uso wa bwana harusi ulikuwa kama majivu.

"Fundi, huyu si yeye," mama akasema.

Binti mkubwa, aliyekuwa na miaka kumi baba alipokufa, akabisha: Papa alikuwa mweusi, ni hivyo hivyo. Koko akasema hapana, alifanana na yeye, maji ya kunde. Wakabishana kwa sauti, na mtoto wa mwisho akiwatazama mmoja mmoja.

Ndipo mama akacheka kidogo, kwa haya. Gauni halikuwa jeupe. Lilikodiwa, lilikuwa limevaliwa na mabibi harusi wengi, rangi yake imeshakuwa ya maziwa ya zamani. Kwa miaka yote hakumwambia mama mkwe.

Fundi akauliza kama kuna kitu kingine kwenye picha ambacho rangi yake kila mtu anaijua. Kulikuwa na Fanta mezani. Kijana akatumwa butike, akarudi na chupa, ikawekwa kando ya televisheni. Fundi akasogeza kurudi kuelekea "Chaud", akapunguza rangi kidogo kidogo, mpaka Fanta mbili zikafanana. Hakuficha kwamba kamera nayo ina uongo wake. Lakini koko aliinuka, akaenda kusimama karibu na kioo, na binti hakubisha tena.

Zilibaki bafle. Zilikuwa chini kwenye pembe, besi ikimeza maneno. Zikapandishwa juu ya viti, mbali na ukuta, kwa sababu kuna mahali bwana harusi anawashukuru wakwe, maneno machache tu. Mtoto wa mwisho aliomba yarudiwe. Yakarudiwa mara nne.

Fundi aliagiza CD isiachwe ndani ya mashine wala juani, maana hizi za kuchomwa kwa kompyuta hufa zenyewe kwa miaka. Alhamisi atarudi na kompyuta aihamishie kwenye flashi. Fanta alipewa mtoto.