Tegemezi na Tegemeo

Mtegemea cha nduguye hufa maskini, methali yaonya. Na tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, kujitegemea ni fahari ya lugha yetu. Basi bibi yangu hapa Mpemba, asiyeinuka kitini bila mkono wangu, tumwiteje? Ndugu wanaotaka kumhamishia Mbeya humwita tegemezi, wala hawajamwuliza. Lakini ndiye achaguaye mbegu za mahindi, na ugomvi wa nyumbani hautulii mpaka aseme.

Kitenzi ‘tegemea’ kimezaa ‘tegemezi’. Kimezaa pia ‘tegemeo’, naye ni yote mawili kwa siku moja. Nionavyo, mzee hujitegemea maadamu anayemwinua humwuliza kwanza ataka kwenda wapi. Nilimwuliza. Bibi amesema habanduki Mpemba.