Kutoka Fungu la Fulu hadi Tangi la Kioo

Katika miaka ya 1970, samaki wa Kipkelion, mji mdogo wa vilimani magharibi mwa Kenya, aliletwa na treni, tena akiwa mkavu. Gari la moshi la kutoka Kisumu lilipanda kupitia Koru na Fort Ternan, na lilipofika stesheni akina mama wachuuzi walishuka na vikapu vya ngege, omena na fulu. Wazee wa Kikipsigis hawakuwa na mazoea ya kula samaki. Maziwa na ugali wa wimbi viliwatosha. Wanunuzi wengi walikuwa watu wa reli na vibarua wa mashambani, na fulu ndiye aliyekuwa rahisi kuliko wote: mdogo, mwenye miiba mingi, akiuzwa kwa fungu.

Mwandishi wa kumbukumbu hii alikulia hapo, naye alimjua fulu kwa harufu yake na kwa rangi ya majivu. Alikuwa mtu mzima alipomwona kwa mara ya kwanza akiwa hai: dume mwenye ubavu wa samawati, mgongo mwekundu na madoa ya manjano kwenye pezi la chini.

Fulu ni wa jamii ya sikilidi, sawa na ngege na tilapia wengine. Ziwa Victoria peke yake lilikuwa na aina zake zipatazo 500, nyingi zikiwa hazipatikani kwingine duniani. Wapo waliokwangua mwani juu ya mawe, wapo waliovunja konokono, na wapo walioishi kwa kunyonya mayai na watoto kutoka vinywani mwa samaki wengine. Utajiri huo ulizuka kwa muda mfupi mno, kwani wanajiolojia wameonyesha kwamba ziwa lilikauka kiasi cha miaka 15,000 iliyopita.

Kisha akaja mbuta, samaki mkubwa anayekula samaki wenzake. Alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akakaa kimya, halafu katika miaka ya 1980 akazaana kupita kiasi. Fulu, ambao walikuwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wa ziwa hilo, waliadimika ndani ya miaka michache, na inakadiriwa kwamba aina zipatazo 200 zilitoweka. Huko Kipkelion habari hiyo haikutangazwa na mtu. Mafungu ya fulu yalipungua sokoni mpaka yakakoma, na mahali pake pakajaa omena na vipande vya mbuta wa kukaangwa.

Mabadiliko mengine yalikuja mwaka 2009, serikali ilipoanza kugharimia uchimbaji wa mabwawa ya samaki katika maeneo bunge mengi nchini. Watu ambao baba zao hawakuonja samaki walianza kuzungumzia vifaranga wa tilapia na chakula chao. Samaki aliye hai akawa jambo la kawaida vilimani, na mwandishi akapata ujasiri wa kununua tangi la kioo na kuliweka sebuleni.

Samaki wake wa kwanza walikuwa wale wa manjano wa Ziwa Malawi, *Labidochromis caeruleus*, ambao huzalishwa kwa wingi ndani ya matangi. Mvuto wao hauko kwenye rangi tu. Sikilidi humtambua anayemlisha na humfuata kando ya kioo. Dume huchimba mchanga, hugombea pango lake na hucheza mbele ya jike. Jike hukusanya mayai kinywani na kukaa nayo kwa wiki tatu hivi bila kula vizuri, kisha huwatema watoto wakiwa tayari wanaogelea. Wageni waliokuja kunywa chai walisahau vikombe vyao.

Ila hasara zake ni za kweli, na anayetaka kuanza azijue mapema. Usiku wa Kipkelion ni baridi, na samaki hawa wanahitaji maji ya nyuzi 24 hadi 27, kwa hiyo hita haizimwi. Stima ikipotea wakati wa mvua, joto hushuka na pampu ya hewa husimama. Maji ya nchi ya majani chai huwa hayana chokaa ya kutosha kwa samaki wa Ziwa Malawi. Dawa yake ni mawe ghafi ya chokaa, kama yale ya Koru, na kamwe si chokaa iliyochomwa, maana hiyo huua. Kila wiki sehemu ya maji hubadilishwa. Tena sikilidi ni wagomvi: madume wawili katika tangi dogo humalizana. Afadhali tangi la lita 200 au zaidi, mapango mengi, na majike wengi kwa dume mmoja.

Biashara ya samaki wa matangi ina madhara pia. *Chindongo saulosi*, anayeishi kwenye mwamba mmoja tu wa Ziwa Malawi, amefikia ukingo wa kutoweka kwa sababu ya kuvuliwa kwa ajili ya matangi. Upande wa pili, baadhi ya fulu wa Victoria wangali hai leo kwa kuwa wafugaji na taasisi za Ulaya na Marekani waliwazalisha.

Mwaka 1997 mwanabiolojia Ole Seehausen na wenzake walieleza jambo linaloihusu Kipkelion moja kwa moja. Jike wa fulu huchagua dume kwa rangi; maji yakichafuka, haoni rangi, na aina tofauti huchanganyika. Sehemu ya tope la Ghuba ya Winam, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, hushuka na Mto Nyando, na Kipchorian, mto wa Kipkelion, humwaga maji yake humo. Udongo wa shamba lisilo na matuta huishia machoni mwa samaki.

Basi anayefuga sikilidi vilimani humu anunue waliozaliwa kwenye tangi, na asiwamwage mtoni akichoka nao. Mbuta ametufunza vya kutosha. Na aache miti na majani yaote kando ya Kipchorian, kwa sababu fulu waliosalia ziwani wanahitaji maji safi kuliko wanavyohitaji kioo chetu.