Makumbi Yalikuwa Yetu

Kwetu Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, nazi moja ilikuwa na wenyewe wawili. Nazi yenyewe ni ya mwenye mnazi, yaani baba, na fedha yake ikipita mkononi mwake. Makumbi yalikuwa ya wanawake. Hakuna kikao kilichokaa kupitisha hilo. Wanaume wakishafua nazi kwenye kifuo wanaondoka nazo, makumbi yanabaki chini, na anayeyaokota ndiye mwenyewe. Kwa makumbi hayo nilinunuliwa daftari za skuli, nikaja nikasomesha wanangu, na nimeezeka nyumba ninayoandikia maneno haya.

Kazi ilikwenda na bamvua. Maji yakishapwa mbali tunashuka pwani na mapakacha kichwani, kila mmoja na shimo lake alilolizungushia mawe. Unapanga makumbi, unayafukia kwa mchanga na tope, kisha unayakandamiza kwa mawe ili maji yakijaa yasije yakaelea. Baada ya hapo unaiachia bahari. Miezi sita, pengine zaidi. Maji ya chumvi yanaingia na kutoka, na vijidudu visivyoonekana kwa macho vinakula ule unga unaoshikanisha nyuzi. Nyuzi zenyewe ni ngumu, haziliki upesi hivyo. Ukifukua kabla ya wakati, unga haujaachia, na utapiga mpaka bega likuume bure.

Watu wa mjini wakisikia miezi sita hutuonea huruma. Hawajui kwamba kungoja kwenyewe ndiko kulikokuwa faida yetu. Fedha iliyomo sandukuni, hata iliyofungwa kwenye pindo la kanga, mume anaweza kukukopa, shemeji anaweza kukulilia, mgonjwa akatokea nyumba ya pili. Makumbi yaliyofukiwa hayakopeki. Mama akifukia wakati wa kusi anajua mtoto akiingia skuli atakuwa na sare, na hapakuwa na mtu wa kumhoji fedha imetoka wapi.

Shimo likifunguliwa, harufu yake haina adabu: yai viza tupu, na inakufuata nyumbani hata ukaoga mara mbili. Makumbi yanatoka meusi, yamelainika. Unaliweka moja juu ya jiwe na kulipiga kwa gongo, unaligeuza, unalipiga tena, na maji meusi yanatiririka. Bibi yangu alikuwa akiniona napiga kwa woga.

"Mjukuu wangu, usilionee huruma. Hilo limeshakufa siku nyingi."

Ukilisuuza baharini unga unakwenda na maji, unabaki na usumba, nao ukianikwa juani unageuka rangi ya dhahabu.

Kusokota tulifanya jioni, mkekani, miguu imenyooshwa, maneno yakienda. Hapo ndipo palipo na ufundi. Unachukua matawi mawili ya usumba, unayalaza kwenye kiganja cha kushoto pasipo kugusana, unayasukuma mbele kwa kiganja cha kulia mpaka kila moja lijikaze peke yake. Kisha unayaachia yakutane. Yote mawili yanataka kujifungua, na katika kutaka huko yanazungukana upande wa pili na kubanana. Kamba haina gundi wala fundo. Imeshikwa na ukaidi wake mwenyewe. Tawi likianza kuwa jembamba unalilisha usumba mpya, ila kamwe usiyalishe yote mawili mahali pamoja, maana hapo ndipo kamba itakapokatikia. Viganja vyangu mpaka leo havisikii joto la kikombe cha chai.

Mwaka 1989 kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na kwetu Jambiani, na mashimo mengi yakaachwa. Siwalaumu waliokwenda, hata mimi nilikwenda. Mwani unavunwa baada ya wiki chache, na bamvua ni ile ile moja, huwezi kuwa shimoni na shambani kwa wakati mmoja. Wakati huo huo kamba za nailoni zilijaa madukani, na wavuvi wakatuacha. Walikuwa na haki: nailoni ni nyepesi na haiozi. Baadaye maji yakazidi joto, kotonii, ule mwani wenye bei nzuri, ukawa unakufa, na baadhi yetu tukarudi kufungua mashimo ya mama zetu.

Lililotuokoa ni paa la makuti. Hoteli zilipoanza kujengwa pwani, mafundi wa kuezeka walitaka kamba inayong'ata fito. Nailoni huteleza kwenye fundo na jua huila ikawa unga. Ya usumba ina malaika, ukiikaza imekaza. Mjenzi mmoja alitutaka tumletee kamba kila mwezi, tena tufupishe muda wa shimo. Tulimkatalia, akanunua kwingine.

Waliosema kamba yetu ni ya kufungia mbuzi tu nawajibu kwa mtepe. Chombo hicho cha zamani mbao zake zilishonwa kwa kamba ya usumba, bila msumari wa chuma. Mwaka 2003 mmoja ulijengwa upya Unguja, nikauona kwenye makumbusho ya Beit el-Ajaib. Wageni walikuwa wakitazama umbo la chombo. Mimi niliinama kutazama mishono. Watu wameimba sana majina ya manahodha, lakini usumba ule lazima ulipigwa na mtu.

Basi ukija pwani kununua kamba, fungua ncha yake, chomoa uzi mmoja na uusugue vidoleni. Ukitoa unga mwingi, haikukaa shimoni, mrudishie mwenyewe. Ukiwa safi, lipa bei uliyotajiwa. Nusu mwaka wa kazi yake ulikwisha kabla hujafika.