Leseni Yangu ya Droni na Ukuta wa Jirani



Wengi mnanijua kwa kupiga picha za maharusi. Leo nataka kukiri jambo: harusi ya mwanzo niliyorusha droni sikuwa na leseni wala kibali. Nilikuwa na kidege changu na hamu tu.

Ilikuwa alasiri, kupamba, uwani kwa kina bi harusi, wanawake peke yetu. Nikakirusha nipate mapambo kwa juu. Usiku nikikagua picha, nikaona upande wa pili wa ukuta: mama jirani amekaa uwani kwake, kichwa wazi, anasukwa nywele. Nilisisimka mwili. Sikupita mlangoni kwake, lakini nyumbani kwake nimeingia.

Asubuhi nilikwenda kumtaka radhi, nikazifuta mbele yake. Akaniambia, "Mwanangu, ukuta huu nimeujengea macho ya wapita njia. Ya juu sikuyajua."

Suratun Nur inatufundisha kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumba isiyo yetu. Mimi hodi sikupiga. Nikakifungia kidege kabatini, nikaenda kusoma.

Darasani tulikuwa wanawake wawili. Tulifundishwa kutopanda zaidi ya mita 120, kutokiacha kidege kipotee machoni, na kutokirusha juu ya umati wa watu. Tulifundishwa kuwa kurudi dhidi ya upepo wa Kusi kunakula betri, basi ubakishe chaji ya kurudia. Na kuwa uwanja wa ndege upo pale Kisauni, karibu na mji, kwa hiyo harusi ya mjini usiikubali kabla hujauliza ruhusa ya anga. Mtihani wa mwanzo nilianguka, ramani za anga zilinishinda. Wa pili nikapita, alhamdulillah.

Lakini siku hizi, hata kibali kikiwa mkononi, siku moja kabla ya harusi napita nyumba za jirani nikipiga hodi. Nawaambia saa nitakayorusha. Asiyeridhia, upande wake siendi.

Nawe bi harusi mtarajiwa, muulize mpiga picha wako: Leseni unayo? Kibali cha siku hiyo je? Majirani wameambiwa? Na picha zangu atakaa nazo nani?

Mwezi uliopita yule mama kamuoza binti yake. Picha kaniita mimi.

Allah atusitiri sote. Amin.